Upanga Nilioutoa Kwenye Blanketi Yako

Kitale, jioni, siku moja kabla ya safari yako

Mwanangu Simiyu,

Anayekuandikia barua hii si mtu mdogo. Kama mji huu wa Kitale ungekuwa na kiti cha mfalme, saa hii kingekuwa kimejaa vumbi kikinisubiri mimi niache kazi ya vipuri vya baiskeli nikikalie. Hakuna baiskeli inayotembea kati ya hapa na Endebess ambayo haina kitu changu ndani yake, kama si mnyororo basi ni spoku. Afisa mmoja mkubwa wa serikali, jina lake nalificha, aliwahi kusimamisha gari mbele ya kibanda changu, akashusha kioo, akaniuliza, "Mzee, leo mvua itanyesha?" Nikamwambia itanyesha. Na ikanyesha.

Kwa hivyo soma hii barua polepole, ukiwa umekaa, mlango umeufunga. Najua vile umeipata. Umefika chuoni Kibabii, umeingia kwenye kile chumba chako cha ploti, umefungua sanduku na kukunjua blanketi ukitafuta ule upanga wa ninja, na mahali pa upanga umepata karatasi. Najua pia neno ulilosema. Hilo nimekusamehe, kwa sababu mimi ningesema baya zaidi.

Ni mimi niliyeutoa. Si mama yako. Dada yangu Nanjala hata hajui kwamba uliupakia, na kama ananipenda mimi ndugu yake hatajua. Wewe umeenda Endebess kumuaga nyanya yako, unarudi kesho asubuhi kubeba sanduku, na mimi nimebaki na nyumba na hilo sanduku tukiangaliana. Nilikuwa nataka tu kukuwekea sufuria ile ndogo. Nikashika blanketi, nikaona ni nzito kuliko blanketi.

Mambo ya kula vizuri, kufua, kusoma na kwenda kanisani sitayaandika. Hayo mama yako atakupigia simu akwambie mpaka simu ishike moto. Mimi nitaandika juu ya upanga tu, kwa sababu katika ukoo wetu hakuna mtu anayeujua kuliko mimi.

Wacha nianze na mzee wa maziwa, maana huyo ndiye anayeninyima usingizi.

Asubuhi ile ya ukungu alikuja mapema kuliko kawaida. Ng'ombe wake alikuwa anazaa na alitaka kurudi haraka. Hakubisha. Alisukuma geti akaingia vile ameingia kwetu tangu uje kuishi na mimi ukiwa kidato cha kwanza. Mimi nilikuwa natoka bafuni na taulo, ndipo nikakuona. Ulikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, bila viatu, ala umeitupa chini, upanga umeuinua juu ya bega kwa mikono miwili. Hukuwa unacheza. Nimekuona ukicheza nao miaka yote hii, ukikata migomba na kujiita majina ya ajabu, na uso wako wa kucheza naujua. Ule haukuwa uso wa kucheza. Sikuujua ni wa nani.

Mzee akasukuma mlango na mtungi wake.

"Hodi hapa! Maziwa!"

Nafikiri ni neno maziwa ndilo lilimwokoa. Ulishusha mikono.

"Ah, Simiyu, bana! Unataka kunichinja kama kuku wa Krismasi?"

Alicheka. Wewe ukacheka. Mimi nikacheka kuwashinda nyote wawili, nikamwambia, "Si nilikwambia kwangu kunalindwa na jeshi?"

Lakini umeona kitu, mwanangu? Tangu siku hiyo yule mzee huacha mtungi nje ya geti, anapiga kengele ya baiskeli, anaenda. Hajasema neno lolote baya. Mtu ambaye alikuwa anaingia mpaka jikoni, anachukua kikombe mwenyewe, anatuambia habari za ng'ombe wake mpaka chai inapoa, sasa anapiga kengele. Na kengele hiyo nilimuuzia mimi.

Sasa sikia habari za upanga wenyewe.

Nilikwambia kwamba nilipewa na Mjapani aliyekuja kupanda mlima Elgon, kwamba alianguka mtoni nikamvuta kwa mkono mmoja, na kwa shukrani akavua upanga wa babu yake akanipa. Simiyu, hakuna Mjapani. Yaani Mjapani yupo mahali, dunia ni kubwa, lakini hajawahi kunipa kitu. Upanga niliununua hapa sokoni, kwa jamaa mmoja mwenye kofia aliyekuwa ametandaza turubai yenye mishipi, tochi, vioo vya kunyolea, na hiyo kitu katikati kama bibi harusi.

Nilikuwa napita tu. Akaniita.

"Mzee! Wewe unafanana na mwenye hii kitu."

Si ningepita? Lakini mtu akikwambia unafanana na mwenye kitu, miguu inasimama yenyewe.

"Ni nini hiyo?"

"Ni ya ninja. Angalia vile imenyooka. Ile iliyopinda ni ya samurai, wengi wako nayo. Hii ya kunyooka ni ya ninja mwenyewe, yule anayeingia kwa nyumba na hata mbwa hajui."

"Inakata?"

"Inakata hata upepo." Akakata gazeti mbele yangu, shwaa, kipande kikaanguka.

Nikauchomoa. Ulikuwa unang'aa mpaka nikaona uso wangu ndani yake, mrefu, mwembamba, wa kijana. Nilinunua huo uso. Chuma sikukiangalia hata kidogo, mimi ambaye ukiniletea mnyororo wa baiskeli nitaukunja, nitaunusa, nitauuma kwa jino kabla sijakubali kuuchukua.

Haya niliyajua baadaye, kwa kuuliza watu na kwa kutazama video kwenye simu yako ulipokuwa umeenda shule. Nakuandikia ili siku moja ukiwa na nyumba yako na bado una hamu ya kutundika upanga ukutani, usifanywe mjinga na mwenye kofia. Chuma kinachong'aa kama kijiko cha harusi ni chuma cha kijiko. Kwenye kisu kifupi cha nyanya hakina neno, lakini ukikirefusha mpaka kiwe upanga kinakuwa kigumu cha kuvunjika, ukikipiga mahali hakijui kupinda na kurudi. Chuma cha kweli kinashika kutu kama jembe ukikisahau, na hiyo kutu ndiyo dalili yake nzuri. Halafu usiulize makali kwanza. Uliza kilicho ndani ya mpini. Upanga wa kweli chuma chake kinaingia ndani ya mpini karibu mpaka mwisho, na kinashikwa na kijiti cha mwanzi kilichopenya upande hadi upande. Muuzaji akikataa kukitoa kile kijiti uangalie ndani, mwachie upanga wake.

Wangu haukuwa na kijiti. Ulikuwa na kimkia kama msumari, kimechomelewa kwenye chuma na kuzamishwa kwenye gundi. Lakini nje, mwanangu, kamba nyeusi zimesukwa, kibati cha mraba cha kukinga mkono, ala nyeusi inayometa. Mimi mwenyewe watu wananiona hivyo.

Na kuutunza je? Hapo nilifanya kila kosa ambalo binadamu anaweza kufanya. Kwanza niliupaka samli, nikisema Mjapani lazima anapaka kitu cha gharama. Sisimizi walikuja kutoka Endebess. Niliamka nikakuta ala imejaa wao, na siku hiyo nyanya yako alikuwa kwetu, akaniuliza kama ninja huwa anakula ugali pia. Halafu nikaona hauna makali ya kutosha, nikaupeleka kwa jamaa wa kuchomea, nikauweka kwenye lile jiwe lake la umeme linalozunguka, cheche zikaruka kama siku ya sherehe. Nilifurahi. Makali yakageuka rangi, bluu kama shingo ya mjusi. Nikamwambia jamaa, hiyo ndiyo rangi ya ninja. Baadaye nikajua ni rangi ya chuma kilichoungua, kwamba pale palipogeuka bluu ugumu umekwenda. Halafu nikanyeshewa nao, nikaurudisha kwenye ala ukiwa na maji, na vile Kitale kulivyo na baridi, baada ya muda hautoki. Tuliuvuta watu wawili. Kutu ilikuwa imeshika pale palipoungua, nikaitoa kwa msasa, nikaujaza mikwaruzo.

Ilinichukua muda kujua kwamba ni jambo dogo sana. Kitambaa kikavu. Matone machache ya mafuta ya cherehani, unapangusa mpaka karibu usione mafuta. Usiguse chuma kwa vidole, jasho la mtu lina chumvi na chumvi inakula. Usiulaze kwenye ala wakati wa mvua. Basi, ni hayo tu. Nikayashika kama katekisimu, na kila Jumapili ukirudi kanisani ulinikuta kwenye ngazi na kitambaa na ile chupa ndogo. Hiyo Jumapili nitairudia, usinikimbize.

Kwanza nyoka.

Siku uliyokuja kwangu mjomba wako, khocha wako, kuchukua luliki, ile nyama ya kwenda nayo jandoni, unakumbuka? Wewe unakumbuka vile watu hunisifu. Wacha nikukumbushe vile ilikuwa. Uliingia kwa boma la nyanya Endebess na kengele zako mikononi, umepakwa unga, wenzako wakiimba nyuma yako, sauti imekauka. Kesho yake ungetahiriwa kule kwa baba yako Malakisi. Na kazi yangu mimi kama ndugu wa mama yako ilikuwa moja tu, nichinje ng'ombe, nikate ile nyama, nikuvike shingoni, nikwambie maneno makali ya kukupa moyo. Khocha akifanya hiyo kazi vibaya, mtoto anaenda kwa kisu bila mgongo.

Mzee Barasa, ndugu ya babu yako, alikuwa ameshika kisu cha nyumba yetu, kile cheusi chenye mpini wa mti. Kimechinja ng'ombe wa luliki za watu wengi wazima. Akaninyooshea. Mimi nikasema ngoja. Nikaingia ndani, nikatoka na ninja mgongoni.

"Wewe," Mzee Barasa akasema, "chukua kisu. Ng'ombe si sinema."

"Baba, wewe tulia. Leo mtaona kitu ambacho Endebess haijaona."

"Endebess haijaona mambo mengi na inaishi vizuri."

Watu wakacheka, na hicho kicheko kikaniingia kichwani vibaya. Ng'ombe alikuwa ameshalazwa na kufungwa. Nikauchomoa upanga, nikauinua juu na mikono yote miwili, nikauzungusha kichwani ili wa nyuma pia waone. Wepesi ndio ulinishtua. Mikono ilikuja mbele na mpini, na mpini ulikuwa mwepesi kama kiko. Chuma kilikuwa kimekwenda.

Kilipita mbele yako. Kikajichoma kwenye mgomba, na kando ya ule mgomba, karibu kiasi kwamba angeweza kuugusa bila kunyoosha mkono, alikuwa amesimama mama yako na sinia la mtama.

Watu wote waligeuka wakanitazama. Hata ng'ombe. Ndipo mdomo wangu huu ukafunguka wenyewe, ukasema, "Nyoka! Nimempata! Nyoka alikuwa anamwendea dada yangu!"

Watu wakapiga kelele, wanawake vigelegele. Vijana wakafukua ule mgomba mpaka mizizi wakitafuta nyoka. Mmoja akauliza, "Yuko wapi sasa?" Nikamwambia amekatika vipande, vipande vimeingia shimoni. Mzee Barasa alimgeukia ng'ombe. Alikishika kile kisu cheusi, akachinja ng'ombe yeye, akakata luliki, akanipa nikuvike.

Hakukuwa na nyoka, Simiyu. Hata mjusi.

Mama yako alijua. Alinivuta nyuma ya ghala akasema kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, leo ungetuzika mimi na mtoto kwa jeneza moja," akarudi kugawa pombe ya busaa akitabasamu, ili usiharibikiwe na siku yako. Lakini kitu ambacho hakijaniacha si hicho. Ni wewe. Chuma kilipita mbele ya pua yako na hukutikisika. Hukufumba jicho. Watu walisema, huyu kesho atasimama kama mti, na kweli ulisimama. Wanasema ni ujasiri. Mimi nilikuwa mbele yako, niliona macho yako. Hukutikisika kwa sababu ulikuwa unaniangalia mimi, na uliamini kwamba khocha wako anajua anachofanya.

Hiyo imani ndiyo nimekuwa nikiila miaka yote. Nimenenepa nayo.

Baada ya siku hiyo mtu mwenye akili angekitupa kile chuma. Mimi nilikipeleka kwa yule jamaa wa kuchomea, akachomelea kimkia kipya cha nondo, nikakizamisha tena kwenye mpini na gundi, nikausuka mpini upya kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Ukauona unarudi nyumbani ukauliza, "Khocha, mbona mpini umebadilika?" Nikakwambia damu ya nyoka ilikuwa imeharibu kamba. Kwa hivyo kitu ulichopakia kwenye blanketi ni hicho. Ndani ya mpini kuna kovu la kuchomelea. Ungekiinua juu ya mwizi, mwanangu, na labda chuma kingeenda kwa mwizi, labda kingeenda kwa jirani anayekuja kukusaidia, labda kingerudi kwako. Mimi siwezi kukwambia kitaenda wapi. Nimeshaona vile kinachagua.

Na kama kingeshika vizuri, hapo ndipo naogopa zaidi. Mtu mmoja amelala kwenye sakafu ya ploti huko Kibabii, labda mwizi, labda mwanafunzi mlevi aliyekosea mlango. Wewe umesimama juu yake na kitu ambacho hakimu hataamini kilikuwa cha kukatia mboga. Hapo hata nikija na gunia la maneno, na unajua ninayo, sitakutoa.

Sasa Jumapili.

Jumapili ile ulipoenda Kibabii kutafuta chumba, ulirudi jioni bila simu, mdomo umevimba upande mmoja. Mimi nilikuwa kwenye ngazi na kitambaa na mafuta yangu ya cherehani. Nikakuuliza mdomo una nini.

"Niliteleza."

"Na simu?"

"Ilianguka."

Mtu mzima yeyote angejua. Mimi nilijua. Umepigwa, mahali, na watu zaidi ya mmoja, na unaona aibu kwa sababu umekulia kwa mtu aliyefukuza wezi saba Endebess peke yake. Nilikuwa nimesikia vile sauti yako ilipanda kidogo mwishoni, vile ilikuwa inapanda ukiwa mdogo kabla ya kulia. Kulikuwa na nafasi hapo ya neno moja. Ningeweka kitambaa chini, ningesema, njoo ukae hapa.

Badala yake nilikwambia tena ile stori ya wezi saba. Yote. Na nikaongeza mwizi wa nane. Halafu nikasimama, nikakupa upanga mkononi, nikasema, "Shika. Mtu wa kwetu hapigwi mara mbili."

Uliushika. Usiku ule ulilala nao, na usiku uliofuata. Mimi nikajiambia nimefanya kazi ya khocha. Sikuona mpaka siku ya mzee wa maziwa kwamba nilikuwa nimechukua mtoto mwenye hofu nikampa hofu yenye makali. Nilijua kupangusa chuma kila Jumapili ili jasho la mtu lisikiharibu, lakini ule mdomo wako uliovimba hata maji ya chumvi sikukuwekea.

Na wale wezi hawakuwa saba. Walikuwa wawili, na nafikiri walikuwa wanaenda zao tu na gunia lao la mahindi. Lakini walikimbia, hilo ni kweli kabisa, walikimbia vibaya sana. Mimi pia nilikuwa nakimbia, upande mwingine.

Kwa hivyo nakuuliza sasa, kwa barua, kwa sababu kwa mdomo najua nitaanza na Mjapani. Ulipigwa na nani? Walikuwa wangapi? Uliumia mahali pengine ambapo hukutuonyesha? Huhitaji kuniambia kwa ujasiri. Niambie vile ilikuwa. Nipigie ukiwa tayari, na nakuahidi nitanyamaza, na wewe unajua hiyo ahadi ni nzito kwa mtu kama mimi kuliko gunia la saruji.

Kwenye mfuko wa pembeni wa sanduku nimekuwekea kufuli mbili za kibanda changu, zile za shaba ambazo huwa siuzi kwa mtu nisiyempenda. Moja ya nje, moja ya ndani. Nimekuwekea na firimbi ya refa. Usicheke. Ukisikia mtu mlangoni, puliza mpaka ploti nzima iamke na kukutukana. Watu wanaokutukana wako macho, na mwizi hapendi watu walio macho. Na wakiingia hata hivyo, wape simu. Wape laptopu. Wape viatu. Nitakuuliza jambo moja tu ukinipigia, kama uko mzima, na sitauliza kwa nini hukupigana. Nimekuandikia hapa ili ukinisikia siku moja nikisema tofauti mbele ya watu, ujue ni watu wananiharibu, ushike haya ya karatasi.

Ujuane na majirani wa ploti kabla hujajua madarasa yako yako wapi. Waingie kwako, uwaingie kwao. Ukimpata mzee wa maziwa huko, mwache aingie mpaka jikoni.

Upanga bado sijajua nitaufanyia nini. Nimeuweka chini ya kitanda changu, na kusema kweli siupendi hapo. Jamaa wa vyuma chakavu anapita Alhamisi. Nafikiri nitaupiga nyundo kwanza niutoe mpini, ili asije mtu mwingine mwenye kofia akauuza kwa mtu mwingine mwenye mdomo. Ukiwa na hasira na mimi, kaa nayo, ni haki yako. Ila hasira hiyo ikae Kibabii na wewe na vitabu, isirudi Kitale kutafuta upanga mwingine.

Nimebakisha jambo dogo, ambalo ningeliacha kama si kwamba kesho nitakudanganya kabla hujasoma haya.

Asubuhi ukija kuchukua sanduku utaona kidole changu kikubwa cha mkono wa kushoto kimefungwa kitambaa. Utaniuliza, kwa sababu wewe ni mtoto anayeuliza. Nitakwambia kimebanwa na mlango wa kibanda, na nitausimulia huo mlango kwa urefu. Si mlango. Nilijikata nikiutoa upanga kwenye blanketi yako. Kidogo tu, kama karatasi inavyokata. Nikaona damu, nikajikuta nimekaa sakafuni nikiwa nimekumbatia blanketi yako, na nilikaa hapo muda mrefu nikiita jina la mama yako kama mtoto aliyeanguka kwenye baiskeli. Jirani alikuja dirishani kuuliza kama kuna mtu amekufa. Nikamwambia nilikuwa naimba.

Khocha wako.